Ndege Mpya Haishiki Waya Melini: Chanzo Kiko Wapi?

Kutoka Dodoma hadi bahari ya Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi kwa barabara, lakini simuleta za kurusha ndege kwenye kompyuta zimeleta manowari za kubeba ndege hadi kwenye vyumba vya kupanga vya Makulu na Area C. Swali ninaloulizwa kuliko yote huja kwa namna moja: mtu amepakua ndege mpya ya kivita, inapaa safi, inakata kona safi, ila akija kutua melini inapitiliza. Kulabu ya mkiani kaishusha, nyaya zilizokingama juu ya sitaha ili kulabu izishike na ndege isimame anaziona, na bado ndege inarudi hewani au inaishia majini.

Jibu la haraka la wenzake ni "hujui kurusha". Huenda ni kweli. Lakini dalili hii hii iliwahi kuwakuta wahandisi wa F-35, mradi wa silaha ghali kuliko yote Marekani, na rubani hakuwa na kosa. Ndiyo maana sikubali kuanza na rubani. Naanza na ncha ya kulabu, narudi nyuma hadi kwenye mkono wa mtu.

Kwa hiyo kabla hujagusa mpangilio wowote, rudia kuangalia rekodi ya utuaji wako kwa kamera ya pembeni, polepole, macho yakiwa kwenye kulabu. Usitazame pua ya ndege wala moto wa injini. Je, ncha iligusa sitaha? Kama iligusa, ni kabla ya waya wa kwanza, katikati ya nyaya, au baada ya waya wa mwisho? Na throto, ule mkono wa nguvu za injini, ilikuwa wapi sekunde tano kabla ya hapo? Ukiyaruka maswali haya utabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, ndege itashika mara moja, na hutajua kipi kilisaidia.

Vipimo vichache vya kukaa navyo kichwani. Meli nzima ya aina ya Nimitz, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, ina urefu wa mita 333 hivi. Njia ya kurukia ya uwanja wa Msalato, hapa Dodoma, ni ya mita 3,600. Nyingi za aina ya Nimitz zina nyaya nne, na zile mpya za aina ya Ford zina tatu. Waya na waya huachana mita 12 hadi 15. Ndege hushuka kwa mteremko wa digrii 3.5 au karibu na hapo. Piga hesabu: ukiwa juu ya mteremko huo kwa chini ya mita moja tu, tayari umeruka waya mmoja mzima. Mita mbili juu, umeruka nyaya mbili au zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia "nilikuwa sawa tu", namwuliza sawa kwa kipimo gani.

Dalili ya kwanza: kulabu inagusa sitaha kabla ya waya, inapita juu yake, haishiki

Hii ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu rubani amefanya kila kitu sawa. Mwaka 2011, kwenye majaribio ya ardhini huko Lakehurst, New Jersey, F-35C, ile F-35 ya melini, ilipitishwa juu ya waya mara nane ikiwa inakimbia kwenye lami na kulabu imeshushwa. Mara zote nane haikushika. Hapakuwa na mawimbi, hapakuwa na meli inayoyumba, hapakuwa na upepo wa nyuma ya sitaha. Ndege, lami na waya tu.

Sababu zilikutwa tatu, na zote zilikuwa za chuma. Ya kwanza ni umbali kati ya magurudumu makuu na ncha ya kulabu: mita 2.2 hivi, mfupi mno ukilinganisha na ndege zilizoitangulia kama F/A-18. Magurudumu yakikanyaga waya, waya hulala chini kama mpira wa maji uliopitiwa na lori, halafu huinuka tena. Ukiwa na umbali mrefu, waya umeshainuka kulabu inapofika. Kwa mita 2.2 na kasi ya kutua, kulabu inafika chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde baada ya gurudumu, waya ukiwa bado umelala. Sababu ya pili ni umbo la ncha yenyewe, ambayo haikuwa nyembamba na ya chini vya kutosha kuchota waya uliolala. Ya tatu ni kile kifaa kinachoikandamiza kulabu chini: hakikuizuia vizuri isidunde, na kulabu ikidunda kidogo tu juu ya sitaha, waya unapita chini yake.

Magurudumu yasingeweza kuhamishwa. Ungekuwa unaunda ndege nyingine. Wakabadilisha umbo la ncha na kurekebisha kifaa cha kukandamiza, wakarudi kujaribu ardhini, na baada ya hapo tu ndipo wakaenda baharini. Tarehe 3 Novemba 2014 F-35C ilishika waya kwa mara ya kwanza kwenye USS Nimitz, nje ya pwani ya San Diego. Majaribio yale yalipokwisha katikati ya mwezi huo, ndege mbili zilikuwa zimeshika waya mara 124, na hakukuwa na hata safari moja ya kupitiliza bila kukusudia.

Sasa ndege yako ya kupakua. Mara nyingi imetengenezwa na mtu mmoja usiku, na sehemu ya kulabu ndiyo aliyoimaliza akiwa na usingizi. Fungua faili la mpangilio wa ndege, tafuta mistari ya kulabu: mahali ilipofungwa, urefu wake, na pembe inayoshukia. Kosa ninalolikuta kuliko mengine ni kipimo: simuleta kadhaa husoma futi, na mtengenezaji ameandika mita. Kulabu ya mita 2 ikisomwa kama futi 2 inaishia tumboni mwa ndege. Kwenye picha utaiona ndefu na nzuri, kwa sababu picha ni kitu kimoja na hesabu ya kugusana ni kitu kingine. Usiamini picha.

Halafu fanya kama Lakehurst. Simamisha ndege kwenye uwanja wenye nyaya kama simuleta yako inao. Kama haina, tumia sitaha ya meli iliyosimama. Shusha kulabu, ikimbize ndege taratibu juu ya waya bila kupaa kabisa. Isiposhika hapo, acha kujilaumu. Hakuna ustadi wa rubani utakaoiponya. Ikishika kila mara, faili ni zima na tatizo liko hewani, twende chini.

Kuna kisababu kingine kidogo kinachofanana na hiki: pua iliyolala. Ndege ikija kwa kasi iliyozidi, mabawa hayahitaji kuinuka sana, kwa hiyo pua inalala na mkia unapanda, pamoja na kulabu. Magurudumu yatagusa pale pale ulipokusudia na kulabu itakuwa imening'inia juu ya waya. Dawa yake ni kuacha kutazama kasi peke yake na kufuata pembe ambayo bawa linaupokea upepo. F/A-18, kwa mfano, hutua kwa pembe ya digrii 8.1, iwe nzito au nyepesi. Uzito ukibadilika ndiyo kasi inabadilika, pembe inabaki.

Dalili ya pili: kulabu haigusi kitu hadi nyaya zote zimeisha

Hapa ni rubani, na kwa sisi wa kanda ya kati kuna sababu ya ziada. Wengi wetu tulijifunza kutua kwenye uwanja wa Dodoma wa kwenye simuleta, ule ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mazoea yake yanatuponza kwa njia mbili.

Kwanza, uwanjani unafundishwa kuinua pua kidogo karibu na ardhi ili magurudumu yaguse kwa upole. Melini hakuna upole. Rubani anashika mteremko ule ule mpaka chuma kigonge chuma, akishuka zaidi ya mita 3 kwa sekunde, na miguu ya ndege ya melini imeundwa nene kwa ajili ya kipigo hicho. Ukiinua pua kwa huruma dakika ya mwisho, unaongeza mita moja au mbili za hewa chini ya kulabu, na hesabu ya mwanzo imeshakuambia mita mbili zinafanya nini.

Pili, mwendo. Hewa ya Dodoma ni nyepesi. Kwa joto lile lile na kasi ile ile ya kwenye kipimo, ndege inakwenda juu ya ardhi ya Dodoma kwa kasi inayozidi ile ya usawa wa bahari kwa karibu asilimia 7. Jicho lililozoea huku likifika baharini linaona ndege inakwenda polepole, mkono unaongeza mafuta bila kuulizwa. Ongeza na meli inayokimbia mbele na upepo unaokupiga usoni, sitaha inaonekana inasogea kwa uvivu kabisa. Usifuate jicho. Fuata taa.

Taa zenyewe ziko upande wa kushoto wa sitaha: safu ya kijani ya kulinganishia, na mpira wa mwanga unaopanda na kushuka katikati yake. Mpira ukiwa juu ya safu, uko juu. Ukiwa chini, uko chini. Ukigeuka mwekundu, uko chini kwa hatari. Mwanafunzi akiona mpira uko juu kidogo sekunde ya mwisho hukata nguvu ghafla ili aufuate. Afadhali upitilize. Kupitiliza ni jambo la kawaida ambalo mfumo mzima umelipangia: rubani akigusa sitaha anasukuma throto hadi mwisho papo hapo, hata kabla hajajua kama ameshika, ili kama hakushika awe na nguvu za kurudi hewani. Anayesubiri ahisi kwanza kama amevutwa huwa ameshachelewa.

Dalili ya tatu: ndege inazama ghafla sekunde za mwisho

Ukiona mpira uko sawa, uko sawa, uko sawa, halafu unadondoka, uliza kwanza: inatokea mahali pale pale kila safari? Kama ndiyo, na mahali penyewe ni nyuma kidogo ya meli, ni hewa. Upepo unaopita juu ya sitaha na kuzunguka mnara wa meli hushuka nyuma ya ukingo kama mteremko wa hewa, na ndege ikiingia humo inasukumwa chini. Simuleta nzuri inalionyesha hili. Dawa ni kuongeza nguvu kidogo kabla hujafika hapo na kuirudisha mara tu hewa inapotulia. Usisubiri mpira uanze kushuka.

Injini ya jeti ina hulka ya kuchelewa kuitikia ikiwa imeshushwa nguvu sana, na zile za mwanzo zilichelewa zaidi. Hilo lilikuwa moja ya mashaka makubwa pale rubani Mwingereza Eric Brown alipotua na Sea Vampire kwenye HMS Ocean tarehe 3 Desemba 1945, jeti ya kwanza kutua kwenye manowari ya kubeba ndege. Mpaka leo sheria ni ile ile: usije melini na injini iliyolala.

Kama kuzama hakuna mahali maalumu, angalia mifumo ya kusaidia. Ndege mpya zina kompyuta inayorekebisha nguvu ya injini yenyewe, na nyingine inayoshika mteremko ili rubani afanye marekebisho madogo tu. Nzuri sana, mradi ziko kazini. Tarehe 24 Januari 2022 kwenye bahari ya kusini mwa China, rubani wa F-35C aliikaribia USS Carl Vinson kwa kona ya haraka juu ya meli. Katika haraka ile mifumo hiyo haikuwashwa, naye akarusha akidhani imewashwa. Ndege ikapungukiwa nguvu, na alipogundua ukingo wa sitaha ulikuwa umeshafika. Ndege iligonga ukingo, ikateleza juu ya sitaha hadi baharini. Rubani alijirusha na kunusurika. Watu saba waliumia, yeye akiwemo. Mabaki yalitolewa Machi mwaka huo kutoka kina cha mita 3,780 hivi.

Kwenye simuleta kosa hilo ni la kila wiki. Umeweka kitufe cha mfumo huo kwenye joistiki, unakibonyeza, taa yake ndogo iko kona ya kioo usiyoitazama, na mfumo umekataa kuwaka. Jizoeze kuisoma taa hiyo kwa sauti. Wanafunzi wananicheka wakinisikia nikiongea peke yangu, wacheke.

Dalili ya nne: ndege inaishia kushoto

Hii ni fupi. Mstari wa kutua haukai sawa na meli. Umekatwa kwa digrii 9 hivi kwenda kushoto, ili anayepitiliza asigonge ndege zilizoegeshwa mbele. Meli ikienda fundo 25, mstari huo unahamia kulia karibu mita 2 kila sekunde. Ukiulenga mara moja mwanzoni na kuuacha, sekunde 15 baadaye umebaki mita 30 upande wa kushoto. Rekebisha kulia kidogo kidogo njia nzima. Ukiona unahitaji kona kubwa mwishoni, ghairi, zunguka tena.

Dalili ya tano: waya umeshika, ndege haisimami

Kwa kawaida ndege husimama ndani ya mita 100 hivi. Ikivuta waya hadi mwisho wa sitaha na kudondoka, usiiguse ndege. Angalia mashine ya meli. Mashine iliyo chini ya sitaha hupangwa kwa uzito wa kila ndege inayokuja. Ikipangiwa uzito mdogo, inavuta kwa upole kupita kiasi.

Machi 2016, kwenye USS Dwight D. Eisenhower, ndege ya rada aina ya E-2C Hawkeye ilishika waya vizuri, waya ukaachia, ndege ikatumbukia ukingoni. Rubani aliiokota juu kidogo tu ya maji na kuondoka nayo. Sitahani mabaharia wanane waliumizwa na waya ule. Uchunguzi ulikuta kwamba mashine ilikuwa imesumbua kabla, mafundi wakatafuta tatizo, na katika kulitafuta wakaruka hatua moja ya utaratibu, vali ikabaki mahali pasipo pake. Napenda kukitaja kisa hiki kwa sababu ajali ilizaliwa na ukarabati wenyewe. Kwenye simuleta mfano wake ni mtu aliyebadilisha uzito wa ndege kwenye faili ili ipae kirahisi, akasahau kuurudisha. Sasa meli inaamini inapokea ndege ya tani 15 na inapokea ya 20.

Dalili ya sita: nguvu inarukaruka, joistiki ina maisha yake

Hii ndiyo ya kwetu hasa. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unabeba vumbi jekundu hadi ndani ya droo iliyofungwa. Throto na joistiki za bei nafuu zina ndani yake kipande kinachosugua juu ya utepe wa kaboni. Vumbi likiingia kati yake, kompyuta inasoma ruka-ruka. Kwenye ndege ya abiria hutaliona. Melini, ambako unasogeza throto kwa upana wa ukucha, mruko mmoja ni waya mmoja.

Kuitofautisha na hewa ya nyuma ya meli ni rahisi: hewa iko mahali pamoja, vumbi liko kila mahali, hata ndege ikiwa imeegeshwa. Fungua dirisha la kurekebisha joistiki kwenye kompyuta, ondoa mikono, tazama mstari. Ukitetemeka wenyewe, umeshapata jibu. Ukitulia, sukuma throto polepole sana kutoka chini hadi juu na uangalie kama kuna mahali unaruka.

Chomoa kwanza. Fungua, puliza kwa blowa, si kwa mdomo, maana mate ni maji. Weka dawa ya kopo ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye kile kipande, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, kiache kikauke kabisa. Usipake mafuta ya cherehani. Nimeletewa throto zilizopakwa na zote zilirudi mbaya zaidi baada ya wiki chache, kwa sababu mafuta yanashika vumbi. Ukinunua nyingine, uliza zile zinazotumia sumaku badala ya kusugua. Vyovyote iwavyo, usiku zifunike kwa khanga.

Vumbi hilo hilo linaziba feni. Kama ndege inakwenda laini angani na inaanza kukatakata picha ukiikaribia meli, kompyuta imechemka na kujipunguza nguvu, na sitaha yenye ndege na watu ndiyo picha nzito kuliko zote. Safisha feni kabla hujanunua kadi mpya ya picha. Na kama joistiki inapotea kabisa sekunde moja kisha inarudi, tazama taa ya chumba wakati huo: ikififia, ni umeme, na UPS ndogo inatosha.

Ukiwa na mfumo wa kutua wenyewe

Baadhi ya ndege za kupakua zinajitua. Ukiona yako inaghairi dakika ya mwisho na kwenda zake, usikimbilie kuizima. Tarehe 10 Julai 2013 ndege isiyo na rubani X-47B ilitua mara mbili kwenye USS George H.W. Bush. Safari ya tatu kompyuta yake iliona hitilafu kwenye mojawapo ya kompyuta za uongozaji, ikaghairi, ikaenda kutua ardhini kwenye uwanja wa Wallops Island. Angalia kwanza kumbukumbu za mfumo zimeandika nini.

Ukikwama bado, niletee rekodi ya kamera ya pembeni, faili la ndege kabla hujalihariri na baada, uzito wakati wa kugusa, na picha ya dirisha la joistiki mikono ikiwa mbali. Rekodi iwe ya utuaji ulioshindikana. Zile zilizofaulu, wenzako wameshaziona.